Maswali ya Wasomaji: Kanzidata Iamke Kabla ya Karani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Mbinga. Tunapokea kahawa mbivu kutoka kwa wakulima, tunapima, tunaingiza kilo kwenye kompyuta, mkulima anapewa stakabadhi yake. Programu ilitengenezwa na kijana wa hapahapa kijijini ambaye sasa yuko Dodoma masomoni. Kompyuta tunayoiita seva ni ya mezani, ina mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 na PostgreSQL, kanzidata inayotunza hesabu zetu. Kompyuta nyingine mbili, ya mizani na ya mhasibu, zinasoma kutoka kwake.

Umeme ukikatika tunawasha jenereta, nawasha seva, lakini programu inasema haiwezi kuunganishwa. Kijana aliniachia karatasi nimeibandika ukutani. Imeandikwa hivi:

sudo mount /dev/sdb1 /data
sudo systemctl start postgresql@14-main

Nikiandika hayo, kila kitu kinarudi. Shida ni siku nisipokuwepo. Juzi nilikwenda kumzika mjomba, umeme ukakatika saa nane mchana, wakulima wakakaa na magunia yao mpaka niliporudi saa moja usiku. Mhasibu alisoma mahali kwamba dawa ni sudo systemctl enable postgresql, akaiandika. Akiuliza systemctl status postgresql inakuja rangi ya kijani, inasema active. Kesho yake umeme ukakatika tena na hali ikawa ileile. Inakuwaje huduma iseme iko hai na huku haipo?
Karani, Mbinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Barua yako imenisaidia kwa sababu hukuishia kusema "haifanyi kazi". Umeinakili karatasi ya ukutani herufi kwa herufi, na jibu lote limo kwenye karatasi hiyo, kwenye mstari ambao ninyi nyote mmeuruka. Nitaufikia. Nianze na ile rangi ya kijani, maana ndiyo iliyowapotosha.

Mwambie mhasibu arudie amri yake, na safari hii ausome mstari mpaka mwisho. Mbele ya neno active atakuta mabano, na ndani ya mabano neno exited. Yaani: nilianza, nikamaliza, nikaondoka. Kwenye Ubuntu na nduguye Debian, huduma inayoitwa postgresql peke yake haina kanzidata ndani yake. Amri inayoiendesha ni /bin/true, programu ndogo ambayo kazi yake yote ni kujibu "ndiyo" na kutoka. Waliifanya hivyo kwa sababu ya maana: kompyuta moja inaweza kubeba matoleo kadhaa ya PostgreSQL kwa pamoja, kila moja na data yake na poti yake, yaani mlango wake wa mtandao, kwa hiyo ikahitajika huduma moja ya juu ya kuyaita yote. Ni mpiga mbiu. Akishapita mtaani na mbiu yake kazi yake imekwisha, awe aliyeitwa ameamka au bado amelala.

Anayefanya kazi kwenu ni postgresql@14-main, toleo la 14 lenye jina main. Huyo ndiye wa kuulizwa habari zake:

systemctl status postgresql@14-main
pg_lsclusters

Amri ya pili naipenda zaidi kwa karani, kwa sababu inatoa mstari mmoja usio na mafumbo: toleo, jina, poti 5432, kisha neno online au down, na karibu na mwisho folda ya data. Iandike hiyo kwenye karatasi mpya.

Mhasibu naye msimlaumu. Tatizo ni kwamba enable na start ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Start inaamsha huduma sasa hivi na haikumbuki chochote kesho. Enable haiamshi mtu. Inaandika tu kiungo kidogo ndani ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants, kama kuandikisha jina kwenye orodha ya wanaoamshwa kila mashine inapowaka. Kwenye Ubuntu, PostgreSQL huandikishwa siku ileile inaposakinishwa. Jina lenu lilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, na mhasibu ameandikisha aliyekwisha kuandikishwa.

Sasa ule mstari wa kwanza.

sudo mount /dev/sdb1 /data maana yake ni: chukua sehemu ya kwanza ya diski ya pili, ipachike kwenye folda /data. Kijana wenu aliihamishia data ya PostgreSQL kwenye diski ya pili, nadhani kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndogo. Hilo si kosa, nami nimelifanya mara nyingi. Alichosahau ni kuiambia kompyuta kwamba diski hiyo ni ya kudumu. Kwa hiyo umeme ukirudi, mambo huenda hivi: Ubuntu inaamka, inamwita postgresql@14-main, naye anaitika bila kuchelewa, anakwenda /data kutafuta vitabu vyake, anakuta folda tupu, anaandika malalamiko kwenye kumbukumbu, anakufa. Yote hayo yamekwisha kabla hujavuta kiti. Wewe ukija unapachika diski, unamwita mara ya pili, anakuta vitabu viko mezani. Ndiyo maana karatasi inafanya kazi na enable haisaidii. Kanzidata yenu inaamka yenyewe kila siku, mwanangu. Inaamka wakati stoo bado ina kufuli.

Ukitaka kuyaona malalamiko hayo kwa macho yako, siku nyingine umeme ukirudi, kabla ya kuandika chochote cha kwenye karatasi, andika:

sudo journalctl -b -u postgresql@14-main

Hiyo -b inakuonyesha yaliyotokea tangu mashine ilipowaka safari hii tu, bila ya wiki nzima.

Nilipoanza kazi hii mwaka 2004, utaratibu wa kuamka ulikuwa unaonekana waziwazi. Kulikuwa na folda kama /etc/rc2.d, na ndani yake majina yenye namba: S19 fulani, S20 fulani. Mwenye 19 alitangulia, mwenye 20 alifuata, mmoja baada ya mwingine kama foleni ya bombani. Ilikuwa polepole lakini hata mgeni aliweza kuisoma. Mwaka 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 zikahamia systemd, msimamizi mpya wa kuamsha huduma, na yenyewe huamsha wengi kwa mara moja. Asiyesema anamsubiri nani, hasubiriwi na hasubiri. Ni haraka sana, na siwezi kutamani kurudi nyuma. Lakini tangu hapo kazi ya fundi imekuwa kuitamka ile foleni kwa maneno: huyu asiamke mpaka yule awe tayari. Kwenu maneno hayo hayajatamkwa.

Haya, tuyatamke. Fanya kazi hii asubuhi ya siku isiyo na kahawa, na kabla ya yote chukua nakala ya data kwenye diski ya nje. Kisha:

lsblk -f

Itakuonyesha diski zote. Tafuta sdb1, soma aina ya mfumo wa faili, mara nyingi ni ext4, na unakili namba ndefu ya UUID iliyo mbele yake. Tunataka namba hiyo kwa sababu jina sdb si la kuaminika. Linagawiwa kwa mpangilio ambao kompyuta imezikuta diski wakati wa kuwaka, na siku mtu akisahau flashi kwenye tundu, sdb inaweza kuwa flashi. UUID haibadiliki mpaka diski ifutwe. Fungua faili la /etc/fstab, orodha ya diski zinazopachikwa mashine inapowaka:

sudo nano /etc/fstab

na uongeze mstari mmoja chini kabisa, ukiweka namba yako:

UUID=namba-yako-hapa /data ext4 defaults,nofail 0 2

Kabla ya kuzima chochote, jikague:

sudo findmnt --verify
sudo mount -a

Usiruke hatua hii. Faili la fstab lenye kosa linaweza kuiacha mashine kwenye skrini nyeusi ya dharura, na hapo kijana wa Dodoma hatakusaidia kwa simu. Neno nofail nimeliweka kwa ajili hiyo: diski ikifa au waya ukilegea, Ubuntu itaendelea kuwaka bila hiyo diski, nawe utaweza kuingia na kutazama.

Lakini nofail ina deni lake. Ikiwepo, mfumo hauisubiri tena diski hiyo kabla ya kuendelea na wengine, kwa hiyo PostgreSQL inaweza kuitangulia. Huduma ya PostgreSQL kama ilivyokuja kiwandani inasubiri /etc/postgresql na /var/lib/postgresql tu, na /data yenu haimo. Iambie:

sudo systemctl edit postgresql@14-main

Litafunguka faili lenye mistari ya maelezo. Pale juu, kwenye nafasi iliyoachwa katikati ya maelezo, andika mistari hii miwili:

[Unit]
RequiresMountsFor=/data

Hifadhi, toka. Sasa foleni imetamkwa: kwanza diski, kisha kanzidata. Na diski isipokuja kabisa, kanzidata itakataa kuamka. Hivyo ndivyo tunavyotaka, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu jambo hili niliwahi kuwalipisha watu wengine gharama yake.

Mwaka 2011 niliweka MySQL, kanzidata ya aina nyingine, kwenye hospitali moja, data ikiwa diski ya pili kama yenu. Niliiandikisha iwake yenyewe, nikaiona inafanya kazi, nikaondoka. Sikuizima hata mara moja kuijaribu. Miezi kadhaa baadaye umeme ukakatika na diski haikupachikwa. Kijana wa zamu akakuta folda tupu, akadhani usakinishaji umeharibika, akatengeneza kanzidata mpya papo hapo ndani ya folda ileile. Mapokezi wakaendelea kuandikisha wagonjwa siku mbili nzima kwenye kitabu kipya, wakishangaa mafaili ya zamani yamekwenda wapi. Nilipofika nikaipachika diski, na wagonjwa wa miaka yote wakarudi. Wa siku zile mbili wakatoweka, kwa sababu diski ikipachikwa juu ya folda huyafunika yaliyokuwa ndani yake. Hayakufutika, yalikuwa chini. Tuliyatoa na kuyaunganisha kwa mkono, tukilinganisha na madaftari ya manesi, usiku mbili. Kijana alifanya alichoweza. Aliyekosea ni mimi, niliyeacha folda tupu inayokubali kuandikwa.

Kwa hiyo kuna kufuli moja dogo ambalo huliweka kila mahali. Simamisha PostgreSQL, ipachue diski, kisha ifunge folda tupu isiandikwe:

sudo systemctl stop postgresql@14-main
sudo umount /data
sudo chattr +i /data
sudo mount /data
sudo systemctl start postgresql@14-main

Diski itapachikika juu yake bila shida. Isipopachikwa, hakuna mtu wala programu itakayoweza kuandika humo, hata mwenye mamlaka ya sudo, asipoliondoa kwanza kufuli hilo. Angalia pia kama data yenu imo kwenye folda ya ndani, mfano /data/postgresql/14/main, na haikutandazwa kwenye /data yenyewe. Waandishi wa PostgreSQL wenyewe wanashauri hivyo.

Kuna faili jingine moja la kukagua, /etc/postgresql/14/main/start.conf. Linapaswa kuwa na neno auto. Mafundi wengine huweka manual wakati wa kuhamisha data ili wasisumbuliwe, halafu wanasahau. Ikiwa kijana wenu aliacha manual, yote niliyokwisha kuandika hayatafua dafu.

Na kwa kuwa mizani na mhasibu wanasoma kupitia mtandao: fungua postgresql.conf uone listen_addresses, yaani anwani ambazo PostgreSQL inasikilizia. Ikiwa imeandikwa anwani kamili ya seva, mfano 192.168.1.10, kuna siku PostgreSQL itaamka kabla kadi ya mtandao haijapewa anwani hiyo, na itashindwa kuikalia. Ikiwa ni anwani hiyo peke yake, PostgreSQL haitaamka kabisa; ikiwa localhost, yaani seva yenyewe, nayo imetajwa, dalili ni kwamba kwenye seva programu inafunguka lakini kwenye mizani haifunguki. Weka '*', halafu mlango mlinde kwa pg_hba.conf kwa kutaja kompyuta zinazoruhusiwa.

Kuhusu umeme wenyewe. Nimeona umeandika "nawasha seva", maana yake mtu anabonyeza kitufe. Kompyuta nyingi za mezani zina sehemu kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Ubuntu, huwa na maneno AC Power Loss au yanayofanana, ambapo unachagua mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Iweke iwake, lakini ukishakuwa na UPS katikati, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, si kabla. Jenereta inapoanza husukuma umeme wa kupanda na kushuka, na sipendi mashine iamke katikati ya hapo. UPS inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB inaweza pia kuiambia izime kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha, kwa programu ya apcupsd au NUT. Ikiwa chama kina fedha ya kununua kitu kimoja tu msimu huu, nunueni hiyo kabla ya kompyuta mpya.

Msiogope sana kwamba umeme kukatika ghafla umeharibu hesabu. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari lake la pembeni, kisha ndiyo kwenye vitabu vikubwa. Ikiamka baada ya kuzimika vibaya inasoma daftari hilo na kukamilisha yaliyokatika. Kwenye kumbukumbu utaona automatic recovery in progress, na programu inaweza kukuambia the database system is starting up. Subiri. Kunywa chai. Usizime tena, na mtu yeyote asikushawishi kufuta chochote ndani ya folda ya pg_wal kwa kuwa "inajaza diski". Hilo ndilo daftari lenyewe.

Mwisho ni jaribio, na hapa nakuomba usinipunguzie hata hatua moja. Andika sudo reboot. Usiingie na nenosiri, usiguse kibodi, iache skrini ya kuingilia ikutazame. Nenda kwenye kompyuta ya mizani, fungua programu, ingiza kilo za majaribio. Zikiingia, rudi, zima seva kabisa, washa, jaribu tena. Halafu mwite mhasibu afanye yeye peke yake, wewe ukiwa nje chini ya mti. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa, na mkulima aliyeshuka na gunia toka mlimani hawezi kuambiwa asubiri mtu arudi msibani. Jaribio likipita, ibandue ile karatasi. Mwandikie kijana wa Dodoma umweleze mlichofanya, naye ajifunze. Programu aliyowatengenezea inaonekana ni kazi nzuri.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina duka la vipuri vya pikipiki Mwanza. Mauzo yako kwenye programu inayotumia XAMPP (kifurushi chenye seva ya tovuti Apache na kanzidata MySQL) ndani ya Windows 10. Kila asubuhi lazima nifungue ile paneli nibonyeze Start kwa Apache na kwa MySQL. Mke wangu akifungua duka yeye, ananipigia simu. Nataka iwake yenyewe.
Mwenye duka, Mwanza

JIBU: Salama kaka. Hili lako ni fupi. Bonyeza Stop kwanza kwa zote mbili. Funga paneli, kisha ifungue upya kwa kubofya kulia na kuchagua iendeshwe kama msimamizi. Usipofanya hivyo hatua inayofuata itagoma. Kushoto kabisa mwa jina MySQL kuna kisanduku chenye alama nyekundu ya X chini ya neno Service. Kibonyeze, kubali, itageuka alama ya kijani. Fanya vivyo hivyo kwa Apache. Sasa si paneli tena inayoziwasha, ni Windows yenyewe. Hakikisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, uandike services.msc, utafute jina la MySQL kwenye orodha, uone Startup type ni Automatic. Kisha zima kompyuta, washa, na umwambie mama afungue programu bila kuigusa paneli.

Ikiwaka na kuzimika papo hapo, huenda kuna MySQL nyingine iliyowahi kusakinishwa inayokalia poti 3306. Kwenye orodha hiyohiyo ya services.msc utaiona, isimamishe na uiweke Disabled, ila kwanza ujue si ya programu nyingine unayoihitaji.

Nikuambie na jambo ambalo hukuuliza. XAMPP ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayejifunza au anayejenga programu mezani kwake. Ikija, mtumiaji mkuu wa kanzidata anaitwa root na hana nenosiri. Sasa unaifanya iwake saa zote duka likiwa wazi, labda na Wi-Fi ya wateja hapohapo. Weka nenosiri, na mwambie aliyekutengenezea programu alibadilishe upande wake pia. Na siku MySQL ikigoma kuwaka baada ya umeme kukatika, utakutana na mtu atakayekushauri ufute faili la ibdata1. Usilifute. Zima kila kitu, nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data uiweke pembeni, ndipo uanze kuhangaika. Nimeona duka likipoteza madeni ya wateja wote kwa ushauri huo wa dakika moja.

SWALI: Fundi, naendesha kanzidata ya MariaDB ndani ya Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya visanduku viitwavyo kontena) kwa mfumo wa ada wa shule, niko Mombasa. Nimeandika depends_on kwenye faili la compose, lenye maagizo ya kontena zote, ili mfumo usubiri kanzidata. Nikiandika docker compose up mambo ni sawa. Lakini stima zikipotea na kurudi, kanzidata inaamka na mfumo umekufa. Mbona haifuati niliyoandika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, kwa sababu aliyeyasoma uliyoandika hayupo wakati huo. Depends_on inafuatwa na compose pale wewe unapoandika amri. Mashine inapowaka, Docker ndiyo inayoziamsha kontena zako moja kwa moja, kwa kuangalia kanuni ya restart ya kila kontena, na faili la compose haliangalii. Kontena isiyo na kanuni hiyo haiamki, na zilizo nayo zinaamka pamoja bila kusubiriana. Mfumo wako wa ada ama haukuamka kabisa, ama unagonga mlango wa MariaDB ambayo bado inajikagua baada ya kuzimwa vibaya, haujibiwi, unakufa.

Ziwekee zote mbili restart: unless-stopped. Naipendelea kuliko always, kwa sababu kontena niliyoisimamisha kwa mkono wangu kwa ajili ya matengenezo sitaki ifufuke mashine ikizimwa na kuwashwa. Kama hutaki kuzijenga upya leo, docker update --restart unless-stopped pamoja na jina la kontena inatosha. Hakikisha pia Docker yenyewe imeandikishwa: sudo systemctl enable docker. Baada ya hapo mfumo ukifa kwa kukosa kanzidata utafufuliwa, utagonga tena, mpaka ufunguliwe.

Sharti lake ni kwamba mfumo ufe kweli. Kuna mifumo ambayo ikikosa kanzidata haitoki. Inabaki wazi, inaonyesha ukurasa wa kosa milele, na Docker inaiona mzima. Ikiwa wako ni wa aina hiyo, dawa iko ndani ya msimbo: aliyeutengeneza aweke kurudia, ugonge, usubiri sekunde tano, ugonge tena. Ni mistari michache. Ukijaribu yote haya na bado ukakuta mfumo umelala, niandikie ukiwa na mistari ishirini ya mwisho ya docker logs ya kontena zote mbili, yenye saa zake, tuone nani aligonga lini.